Kwa nini manjano hayazai mbegu: kromosomu na historia ya mimea ya dawa

Mkulima wa manjano wa Unguja au wa milima ya Usambara hanunui mbegu. Mvua zinapokaribia huchukua viazi vya msimu uliopita, huvikata vipande vyenye jicho moja au mawili, huviacha kivulini mpaka jeraha likauke, kisha huvifukia. Ukimuuliza kwa nini hapandi mbegu kama anavyopanda mchicha au bamia, atakujibu kwamba manjano hayana mbegu, na jibu hilo, ingawa si kamili, linamtosha kwa shughuli zake zote. Mmea huchanua, tena ua lake linapendeza, lakini kwa kawaida hunyauka bila kuacha kitu. Kosa si la udongo wala la nyuki. Limo ndani ya kila seli ya mmea wenyewe, katika hesabu isiyogawanyika kwa mbili: manjano yana kromosomu 63.

Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwa na kuviringishwa juu ya protini, na katika uzi huo zimepangwa jeni, yaani maelekezo ambayo seli huyafuata inapotengeneza kila inachokihitaji, ikiwa ni pamoja na zile kemikali chungu, kali au za rangi ambazo sisi huziita dawa. Viumbe wengi huwa na seti mbili za kromosomu, moja iliyotoka kwa mama na nyingine kwa baba, na ndiyo sababu idadi zao huwa shufwa: binadamu 46, mtangawizi 22, mwarobaini 28. Mmea unapotengeneza chavua na mayai, kila kromosomu hutafuta pacha wake, zikaambatana kwa muda, kisha zikaachana, kila moja ikaenda upande wake. Manjano yana seti tatu za kromosomu 21. Pacha wawili wakishikana, wa tatu hubaki hana wa kushikana naye, akaangukia upande wowote. Chavua inayotokana na vurugu hiyo hupata kromosomu hizi na kukosa zile, na mara nyingi haina uwezo wa kuzaa chochote.

Mmea wa namna hii, ambao wataalamu huuita triploidi, ungetoweka zamani kama usingekuwa na viazi vya kuotea na mikono ya watu ya kuvipanda. Hupatikana kwa kawaida pale mbegu ya uzazi yenye seti moja ya kromosomu inapokutana na yenye seti mbili, jambo ambalo hutokea porini kila siku bila mtu kuliona. Mtu fulani wa Asia ya Kusini, zamani sana, alipenda rangi na harufu ya kiazi kilichotokana na ajali ya namna hiyo, akakihifadhi. Manjano tunayotia kwenye mchuzi na tunayopaka kwenye vidonda yamefika kwetu kwa kukatwa na kupandwa tena na tena, na kwa maana hiyo mashamba mengi ya manjano ni mmea mmoja uliorudiwa, pamoja na udhaifu wake wote mbele ya ugonjwa.

Hesabu ya kromosomu, basi, huhifadhi kumbukumbu ya mambo yaliyoupata ukoo wa mmea. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hiyo husomwa vibaya mara nyingi. Watu hudhani kwamba mmea wenye kromosomu nyingi umeendelea zaidi, au una jeni nyingi zaidi, au dawa yake ina nguvu zaidi, na dhana zote tatu haziungwi mkono na ushahidi. Katika mimea yenye maua, idadi huanzia 4 katika magugu machache madogo na kufika takriban 640 katika Sedum suaveolens, mmea mnene wa milima ya Meksiko ambao hauna sifa yoyote ya kutisha. Mwarobaini una 28, na mlonge una 28 vilevile, ingawa ni miti ya familia mbili tofauti ambayo mababu wao waliachana mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Kulingana kwao ni bahati tu. Kwa upande mwingine, mforosadi mweupe, ambao majani yake yametumika katika tiba ya Kichina kwa karne nyingi, una 28, ilhali nduguye wa jenasi moja (yaani kundi moja la spishi za karibu), mforosadi mweusi, ana 308. Ukiiweka miti hiyo miwili kando kwa kando, utaona tofauti ya majani na ya tunda, lakini hutaona chochote kinachoashiria kwamba mmoja umebeba kromosomu mara 11 ya mwenzake.

Inafaa tuone jinsi hesabu hizi zinavyopatikana, maana takwimu katika kitabu huonekana kana kwamba zimetoka mbinguni. Kromosomu huonekana pale tu seli inapojigawa. Wakati mwingine wote huwa zimetawanyika ndani ya kiini kama uzi uliofumuka. Kwa hiyo mtafiti hutafuta mahali ambapo seli zinajigawa kwa wingi, na mahali rahisi kuliko pote ni ncha ya mzizi mchanga, milimita moja au mbili za mwisho, zenye weupe uliofifia. Ncha hukatwa na kutiwa katika dawa inayozuia mgawanyo usikamilike, kisha huhifadhiwa katika mchanganyiko wa alkoholi na asidi ya asetiki, hulainishwa kwa asidi ya haidrokloriki yenye joto, na kutiwa rangi. Halafu huwekwa juu ya kioo, hufunikwa kwa kioo kingine chembamba, na kugandamizwa kwa kidole gumba kilichofunikwa karatasi ya kunyonya. Kazi yote iko katika kidole hicho. Ukikandamiza kidogo, kromosomu hubaki zimelaliana na huwezi kuzihesabu. Kioo kikiteleza hata unywele mmoja, seli husagika na asubuhi nzima imepotea. Ikikubali, chini ya hadubini huonekana vijiti vyekundu au vya zambarau vilivyotawanyika, na mtu hukaa akivihesabu, kwanza kwa macho na kisha kwa penseli, katika seli moja, mbili, kumi, mpaka idadi ijirudie.

Dawa ile ya kusimamisha mgawanyo ndiyo inayofanya hadithi hii izunguke na kurudi ilikoanzia, kwa sababu mara nyingi ni kolkisini, nayo yenyewe hutoka katika mimea ya dawa. Kolkisini hupatikana katika Colchicum autumnale ya Ulaya, iliyotumika tangu kale kutibu jongo, na pia katika Gloriosa superba, ule mmea unaopanda juu ya vichaka vya pwani na bara ya Afrika Mashariki, wenye maua mekundu na ya njano yaliyopinda juu kama ndimi za moto. Viazi vya Gloriosa vimewaua watu waliovidhania kuwa chakula. Ndani ya seli, kolkisini hushika protini ambazo hujengwa kuwa nyuzi za kuvutia kromosomu upande huu na ule. Nyuzi zisipojengwa, kromosomu hujirudufu kama kawaida lakini hazipati wa kuzitenganisha, na seli hubaki na idadi iliyoongezeka mara mbili. Mwaka 1937, Albert Blakeslee na Amos Avery walionyesha huko Marekani kwamba kwa kolkisini mtu anaweza kuuongezea mmea kromosomu mara mbili kwa makusudi, na tangu hapo wafugaji wa mimea hawajaiacha.

Blakeslee hakuifikia kolkisini kwa bahati. Kwa miaka mingi alikuwa akichunguza mnanaha, yaani Datura stramonium, mmea wa sumu unaotupatia dawa za atropini na skopolamini, wenye tunda la miiba. Mnanaha una kromosomu 24, au jozi 12. Yeye na wenzake waligundua mimea yenye kromosomu 25, ambayo jozi moja ilikuwa imepata mwenza wa tatu, na walipoikusanya walipata aina 12, moja kwa kila jozi. Kila aina ilijulikana kwa umbo la tunda lake: moja mviringo zaidi, nyingine ndefu, nyingine ndogo yenye miiba tofauti. Kila kromosomu, basi, ilikuwa na mchango wake, na ziada ya kromosomu moja iliyo peke yake iliuvuruga mmea kuliko ziada ya seti nzima. Seti nzima ikiongezeka, uwiano kati ya jeni na jeni hubaki ule ule. Ikiongezeka moja tu, uwiano huharibika. Mimea huvumilia kuongezeka kwa seti nzima kwa namna ambayo wanyama wengi hawawezi, na historia ya mimea yenye maua imejaa matukio hayo.

Mfano ulioeleweka vizuri kuliko mingi ni ule wa mpopi wa afyuni, Papaver somniferum. Waswahili wa zamani waliijua afyuni kwa jina la kasumba kabla neno hilo halijahamia kwenye siasa na kuanza kusemwa juu ya fikra za kikoloni. Kutoka katika utomvu mweupe wa tunda lake Friedrich Sertürner alitenga mofini mwanzoni mwa karne ya 19, na mpaka leo hospitali duniani kote hutegemea mmea huu kutuliza maumivu makali. Mpopi wa afyuni una kromosomu 22. Ndugu yake mwekundu anayemea katikati ya ngano za Ulaya, Papaver rhoeas, ana 14, na hatengenezi mofini. Ndugu mwingine, Papaver setigerum, ana 44 na mofini anayo. Mtu akiishia hapo atasema jambo liko wazi: kromosomu nyingi, mofini nyingi.

Lakini yupo wa nne, Papaver bracteatum wa milima ya Uajemi na Kaukasi. Huyu ana 14 tu, kama yule wa ngano, na bado hutengeneza kwa wingi tebaini, ambayo katika mpopi wa afyuni ni hatua iliyo karibu kabisa na kodeini na mofini. Jamaa zake wa karibu wana 28 na 42, yaani wamepiga hatua za kuongeza seti, na hilo halikuwafanya kuwa hazina kubwa zaidi ya dawa. Kwa hiyo hesabu peke yake haikutosha, na ilibidi watu wasome kilichoandikwa ndani ya kromosomu zenyewe.

Kilichoonekana kiliwashangaza hata waliokuwa wakikitafuta. Katika njia ya kutengeneza mofini kuna molekuli iitwayo retikulini, ambayo ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mimea mingi hutengeneza umbo moja tu. Mofini inahitaji lile jingine, na kuligeuza moja kuwa jingine kunahitaji hatua mbili, yaani vimeng'enya viwili, protini zinazoendesha mabadiliko ya kemikali ndani ya seli. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba katika mpopi jeni za vimeng'enya hivyo viwili, ambazo katika mimea mingine hukaa mbalimbali, zimeungana zikawa jeni moja, na protini inayotokana nayo hufanya kazi zote mbili, sehemu moja ikimkabidhi mwenzake bila kuachia kitu kipotee njiani. Jeni hiyo imepewa jina STORR. Kuungana huko kulitokea mara moja, katika babu wa kundi hili la mipopi, na ndiyo maana Papaver bracteatum mwenye kromosomu 14 anayo pia.

Baadaye, takriban miaka milioni 7 hadi 8 iliyopita, ukoo uliozaa mpopi wa afyuni uliongeza kromosomu zake zote mara mbili. Kwamba leo ana 22 na si mara mbili ya 14 kunatukumbusha kwamba kuongezeka si mwisho wa safari: kromosomu zilizorudufiwa hukatika, hubadilishana vipande, huungana, na nakala nyingi za jeni hupotea. Jenomu ya mmea huu, yaani maandishi yote ya DNA yake, ilipochapishwa mwaka 2018, ilionyesha jeni 15 zikiwa zimekusanyika katika kipande kimoja cha kromosomu ya 11: 10 za kutengeneza noskapini, ambayo hutumika kutuliza kikohozi, na 5 za kuelekea tebaini, STORR ikiwa miongoni mwao. Jeni zilizokuwa zimetawanyika sasa zinakaa mtaa mmoja, huwashwa pamoja na hurithiwa pamoja. Mfugaji wa mimea anayechanganya aina mbili za mpopi anaweza kuona sifa yote ya noskapini ikihama kama fungu moja kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kabla ya kuijua ramani hii hakuwa na maelezo ya kwa nini.

Kurudufika kunahusianaje na dawa mpya? Jeni ikiwa moja, ina kazi yake na haiwezi kuiacha. Ikibadilika vibaya, mmea hudhurika. Ikiwa na nakala, nakala moja huendelea na kazi ya zamani na nyingine huwa huru kubadilika. Mara nyingi huharibika na kuwa takataka. Mara chache hujifunza kushika molekuli nyingine, au kuamka katika mzizi badala ya jani, na mmea ukawa na sumu mpya ya kumfukuza mdudu. Sisi hufika mwishoni, tukionja uchungu uliokusudiwa viwavi, na kuupa jina la dawa.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba lazima jenomu nzima irudufike ndipo hilo litokee. Kahawa inatupa somo la kinyume. Kafeini, ambayo hutiwa hata katika vidonge vya kichwa vinavyouzwa madukani, hutengenezwa na robusta, mkahawa wa Bukoba na Uganda, wenye kromosomu 22. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2014 ilionekana kwamba jeni za kafeini ziliongezeka kwa kurudufiwa mahali pale pale, moja kando ya nyingine, bila seti nzima kuongezeka. Arabika, yenye 44, ilipatikana baadaye robusta ilipozaana na mkahawa wa porini wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, Coffea eugenioides, chotara akabaki na seti kamili za wazazi wote wawili. Na kila mnywaji anajua kwamba arabika, pamoja na kromosomu zake nyingi, ina kafeini kidogo kuliko robusta.

Kwa pakanga mambo yalikwenda njia nyingine. Jenasi yake, Artemisia, ina spishi takriban 500, na seti yake ya msingi ni kromosomu 9. Artemisia annua, ambayo mtafiti wa China Tu Youyou na wenzake walitoa humo artemisinini ya kutibu malaria, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ina 18. Pakanga mchungu wa Ulaya, Artemisia absinthium, ana 18 vilevile. Lakini Artemisia vulgaris ana 16. Hakupoteza chochote cha maana: katika kila seti kromosomu mbili ziliungana mwisho kwa mwisho zikawa moja ndefu, na jeni zilizokuwamo zikabaki karibu zote. Wataalamu walilithibitisha hilo kwa kutia alama zinazong'aa kwenye vipande maalumu vya DNA na kuona mahali vilipoangukia katika ile kromosomu ndefu. Jenasi hii hii pia hupenda kuongeza seti, kiasi kwamba katika spishi moja, Artemisia dracunculus, ambayo wapishi wa Ulaya huitumia kama kiungo, idadi huanzia 18 na kufika 90. Niseme pia, kwa kuwa mkanganyiko ni mkubwa masokoni, kwamba pakanga wa kienyeji wa Afrika Mashariki, Artemisia afra, ni jamaa wa Artemisia annua lakini artemisinini hana, au ana chembe tu. Undugu wa kromosomu haukumpa kemia ya nduguye.

Mshubiri ni habari tofauti kabisa, na mimi huupenda kwa ukaidi wake. Kuna zaidi ya spishi 500 za Aloe kutoka Afrika Kusini hadi Uarabuni na Madagaska, vingine vidogo kama kiganja na vingine miti mirefu kuliko nyumba, na karibu zote zina kromosomu 14 zilizopangwa kwa namna ile ile: 8 ndefu na 6 fupi, ndefu zikiwa zimezizidi fupi kwa mbali, bila za kati. Haworthia na Gasteria, jamaa wa mshubiri, wana mpango huo huo, na ndiyo sababu katika bustani wakulima wa maua huwazalisha machotara kati ya jenasi na jenasi. Ukoo huu umebadilisha karibu kila kitu isipokuwa mpangilio wa kromosomu zake. Peter Brandham wa Bustani za Kew za London, aliyetumia miaka mingi kuzichunguza, alikuta vighairi vichache, na baadhi ya vighairi hivyo viko kwetu: mishubiri kadhaa ya vichaka ya nyanda za juu za Kenya na Uganda, kama Aloe dawei, ina 28. Inaonekana katika nyanda hizo kuongeza seti kuliupa ukoo nafasi ambayo kwingineko haukuihitaji.

Uthabiti huo unatupa tahadhari. Mishubiri yote ya kromosomu 14 haina dawa moja. Utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda la jani, ule uliotuachia usemi "chungu kama shubiri", hutofautiana sana kutoka spishi hadi spishi kwa viini vyake, na hakuna mtu awezaye kuzitenganisha kwa kuhesabu vijiti chini ya hadubini. Idadi ikikaa kimya, lazima usome jeni.

Lakini upo mmea mmoja ambao kwake hesabu ina uzito kwa afya ya mtumiaji. Acorus calamus humea kandokando ya maji, una majani kama panga na shina la chini lenye harufu kali, na Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huuita vacha na kuutumia kwa tumbo na kwa akili. Ule wa Amerika Kaskazini una kromosomu 24. Ule wa Ulaya, ulioletwa huko katika karne ya 16, una 36, na kama manjano, hauzai mbegu; umeenea Ulaya nzima kwa vipande vya shina vilivyobebwa na maji na watu. Ule wa Asia ya Kusini na Mashariki una 48. Mafuta ya huu wa mwisho yana beta-asaroni kwa wingi mkubwa, dutu iliyosababisha saratani katika panya wa maabara. Wa Ulaya una kiasi kidogo zaidi, na wa Amerika hauna. Marekani ilipiga marufuku mmea huu katika vyakula mwaka 1968. Kwa anayenunua unga mkavu uliokwisha kusagwa, jina la mmea kwenye kifuko halimwambii anachohitaji kujua. Wa 24 na wa 48 wote huandikwa jina lilelile. Hata hapa nisingependa msomaji aondoke na wazo kwamba kromosomu 48 ndizo zilizozaa sumu. Koo hizi zimekaa mbalimbali kwa muda mrefu, kila moja na jeni zake, na idadi ni alama inayotuonyesha tumekutana na ukoo gani, kama chale za usoni zilivyokuwa zikimtambulisha mtu bila kuwa ndizo zilizomzaa.

Tofauti hiyo kati ya alama na sababu imewagharimu wafugaji wa mimea muda mwingi. Kolkisini ilipoanza kutumika, matumaini yalikuwa makubwa: ongeza seti, ongeza dawa. Seli za mmea wenye seti nne huwa kubwa, majani manene, chavua pana. Kwa Artemisia annua, jaribio lililochapishwa mwaka 1999 lilipata mimea ya seti nne yenye artemisinini zaidi kwa takriban asilimia 38 katika majani yake. Habari njema, mpaka walipopima shamba: mimea ilitoa majani machache zaidi, na artemisinini iliyopatikana kwa kila mita ya mraba ikashuka kwa takriban asilimia 25. Mkulima halipwi kwa asilimia ndani ya jani. Hulipwa kwa kilo ndani ya gunia. Kwa mimea mingine, kama ile inayovunwa mizizi, mizani imewahi kuegemea upande mzuri zaidi, na hakuna kanuni moja inayoweza kumwambia mfugaji mapema mmea wake utaangukia upande gani.

Nimebakiza mmea unaoharibu hitimisho lolote la haraka. Vinka, Catharanthus roseus, asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa mwambao walikiita Bukini, na leo hupandwa mbele ya nyumba kutoka Mombasa hadi Mtwara kwa ajili ya maua yake ya waridi na meupe. Ina kromosomu 16, na jamaa zake wa jenasi hiyo wana 16 pia. Tangu kuongezeka kwa kale kabisa kwa jenomu, ambako inashirikiana na kundi kubwa la mimea yenye maua, haikuongeza tena seti. Pamoja na hayo hutengeneza alkaloidi (kemikali za mimea zenye naitrojeni) tata kuliko karibu zote tunazozitumia hospitalini, vinblastini na vinkristini, kwa mfululizo wa hatua zaidi ya 30, ambao vipande vyake vya mwisho vilifahamika mwaka 2018. Baadhi ya jeni za mwanzo wa njia hiyo zimekaa pamoja, ikiwa ni pamoja na jeni ya protini inayosafirisha malighafi kutoka chumba kimoja cha seli kwenda kingine. Nyingine zimetawanyika, na mmea huzisimamia katika seli za aina tofauti za jani moja.

Dawa hizo mbili, ambazo tangu miaka ya 1960 zimekuwa zikiwatibu watoto wenye saratani ya damu na wagonjwa wa saratani za tezi, hufanya kazi kwa kushika protini zile zile zinazoshikwa na kolkisini, ingawa katika sehemu nyingine ya protini. Seli ya saratani hujaribu kujigawa, kromosomu zake zikajipanga katikati, mara nyingi hata si 46 tena bali 47, 60 au zaidi kwa vurugu za ugonjwa wenyewe, na nyuzi za kuzivuta hazijengeki. Zinabaki pale katikati zikisubiri, mpaka seli ife.